Mtoto wa Mbwa Anayetafuna Kila Kitu: Mpe cha Kutafuna, Usimpe Kichwa Kibichi cha Mbuzi

Vijana, na ninyi watoto mliokaa kule nyuma na mbwa wenu, karibuni mbele kidogo, kwa sababu leo maneno mengi ni yenu.

Leo sikuja na sindano wala sikuja kuhesabu ng'ombe. Nimekuja kuzungumza juu ya mtoto wa mbwa. Najua wapo watakaocheka. Mbwa hauzwi mnadani, hatoi maziwa, na hakuna anayempigia simu afisa mifugo kwa ajili ya mbwa. Lakini tangu mvua zikatike nimeitwa kwenye maboma matatu kwa jambo lile lile. Boma la kwanza, kijibwa alikata kamba ya kufungia ndama, ndama wakanyonya usiku kucha na asubuhi hapakuwa na maziwa ya watoto. La pili, alikula katambuga ya mzee, ikabaki ile ya kulia peke yake. La tatu alimng'ata kitoto cha mbuzi sikio mpaka hereni ikachomoka na kipande cha sikio. Wote watatu waliniuliza swali moja: nimpige, au nikamtupe korongoni?

Kabla ya kujibu niseme na aibu yangu. Mimi mwenyewe nilichukua mtoto wa mbwa, nikamlaza ndani kwa sababu ya fisi. Usiku mmoja alitafuna daftari langu la chanjo. Kurasa za kitongoji kizima zikawa kama makapi ya mahindi. Nilirudi boma kwa boma kuuliza tena nani alichanja ndama wangapi, na baadhi yenu mnakumbuka jinsi mlivyonicheka. Siku ile nilimchapa sana. Alichojifunza ni kutafunia chini ya kitanda, mahali ambapo sikumwona. Chuoni tulisoma ng'ombe, mbuzi na kuku kwa miezi mingi, na mbwa kwa siku chache tu, kwa hiyo mengi ya haya nimejifunza baada ya cheti, nikiwa nimeshaharibu.

Mtoto wa mbwa huzaliwa hana meno. Akifikisha wiki 3 au 4 meno ya utotoni huanza kuchomoza, membamba na makali kama miiba ya mgunga, na yakikamilika huwa 28. Halafu, kuanzia kama miezi 4, hayo huanza kung'oka na meno ya ukubwani hupanda, chonge na magego, mpaka yafike 42 anapokuwa na miezi 6 au 7. Katika miezi hiyo fizi zinamwasha na kumuuma. Mama aliyelea mtoto anayeota meno anajua mtoto huyo hutia kila kitu mdomoni. Mbwa ni hivyo hivyo, ila yeye ana taya za kukata kamba. Mkiona kijino kidogo kimedondoka penye maziwa yake, au damu kidogo kwenye kitu alichotafuna, msishtuke. Ni meno yanabadilika.

Kuna sababu nyingine pia. Mbwa hana mikono, hivyo anaujua ulimwengu kwa mdomo. Ana njaa, kwa sababu tunampa mara moja kwa siku kile kilichobaki, na tumbo lenyewe limejaa minyoo aliyoipata kwa mama yake. Na anachoka kukaa. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa kwenye kigingi wakati mbuzi wametoka atakula kigingi. Mtoto wa mbwa alishwe kidogo kidogo mara 3 kwa siku mpaka afikishe miezi 6. Uji wa mahindi wenye maziwa kidogo unatosha kuanzia, na mabaki ya nyama iliyopikwa yakiwapo ni vizuri zaidi.

Basi swali si atatafuna au hatatafuna. Atatafuna mpaka ahitimu mwaka mmoja, wengine zaidi kidogo. Kilicho mikononi mwetu ni kile anachotafuna.

Fimbo haisaidii, na sababu ni hii. Ukirudi jioni ukakuta kamba imekatwa asubuhi, ukamwita, akaja anatikisa mkia, ukampiga, yeye anaelewa kwamba amepigwa kwa sababu amekuja. Siku nyingine ukimwita haji. Na mbwa asiyekuja akiitwa hana faida usiku chui akiingia zizini. Ukimkuta anatafuna wakati huo huo, mkemee kwa sauti moja nzito, mwondolee, na hapo hapo mpe kitu chake. Usimkimbize. Ukimkimbiza na katambuga mdomoni, kwake hiyo ni michezo, na kesho ataiba nyingine ili mcheze tena.

Vitu vyenu vipandisheni juu. Kamba, ngozi ya kulalia, viatu, waya wa sola na wa chaji ya simu, vyote vikae juu ya urefu wa kiuno. Lakini nazungumzia zaidi dawa ya kuogeshea. Nimeona chupa za dawa ya kupe zimelala kando ya zizi, na bomba la mgongoni limeegemezwa ukutani lina dawa ndani. Kijibwa akitafuna chupa ile, hata kama mnaiona tupu, yaliyobaki yanaweza kumuua. Atalegea na kusinzia, au atatoa udenda na kutetemeka, inategemea ni dawa gani. Chupa iliyokwisha itobolewe na ifukiwe, wala isitumike kuchotea maji. Hata mtoto wenu anayetambaa yuko chini pamoja na kijibwa, anaokota vile vile anavyookota yeye. Sindano zilizotumika nazo msizitupe ovyo. Wekeni kwenye chupa yenye kifuniko, nikipita nizichukue.

Sasa, tumpe nini?

Kitu kizuri nilichokiona kwenye maboma yetu ni ngozi. Kipande cha ngozi ya ng'ombe au mbuzi, isiyotiwa chumvi wala dawa, kioshwe na kukaushwa juani mpaka kiwe kigumu, kikubwa kuliko mdomo wake. Kikishakuwa kidogo cha kumezwa, mwondoleeni, maana kinaweza kumkaba. Mfupa mkubwa wa paja la ng'ombe, uliokwanguliwa nyama, nao unafaa baada ya meno ya ukubwani kupanda. Mifupa iliyopikwa msimpe, hasa ya kuku na mbavu za mbuzi, kwa sababu ikipikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Akitafuna kijiti hakuna shida kubwa, ila angalieni ni mti gani. Olmorijoi, ule wa sumu ya mishale, usikaribie boma. Na kosa linalofanywa na wengi, mimi nikiwa mmoja wao, ni kumpa kamba kuukuu au kiatu kibovu. Mbwa hajui kuukuu na mpya. Ukimpa katambuga iliyokatika, umemfundisha kwamba katambuga ni chakula chake, na ile mpya ya mzee ina harufu nzuri zaidi.

Mzee wa lile boma la kwanza, la kamba ya ndama, alikuwa amefikiri vizuri kuliko mimi. Hakupiga. Alisema huyu anataka kutafuna, basi nimpe kazi. Alikuwa na mbuzi mmoja anayezunguka, ameshindwa kwenda malisho, akamchinja. Nyama ikaliwa. Kichwa akampa kijibwa. Kwa siku mbili boma likatulia, hakuna kamba iliyoguswa. Aliponisimulia alikuwa anafurahi, nami nilikaa kimya kidogo nikitafuta namna ya kumwambia mtu mwenye umri wa baba yangu kwamba hapo ndipo alipokosea.

Huku kwetu, Longido, Monduli, Simanjiro mpaka Ngorongoro, mbuzi au kondoo anayezunguka upande mmoja, ameinamisha kichwa pembeni, anagonga miti kama haoni, tunasema ana ormilo. Kwa ng'ombe jina hilo hilo hutumika kwa ugonjwa mwingine unaoletwa na kupe, huo tuuache leo. Kwa mbuzi na kondoo, mara nyingi ukipasua fuvu utakuta kifuko cha maji kwenye ubongo, kama puto dogo, na ndani yake vidoti vyeupe vingi vimejipanga kama punje za mtama. Wengi wenu mmekiona. Wengine mmeniambia ni maji ya ubongo yaliyozidi. Sivyo. Kila kidoti kile ni kichwa cha mnyoo wa tegu unaosubiri mbwa.

Mbwa akila ubongo ule mbichi, vidoti vile vinajishika kwenye utumbo wake na kukua kuwa tegu, mnyoo bapa unaoweza kukaribia urefu wa mita moja. Baada ya kama mwezi mmoja na nusu tegu wanaanza kuachia vipande vyenye mayai, vinatoka na kinyesi. Mbwa mwenyewe anaonekana mzima, anacheza, anabweka vizuri. Anajisaidia njiani kuelekea malisho na kando ya maji. Mvua inasambaza. Mbuzi anakula majani yenye mayai, vijidudu vinatoka tumboni vinasafiri kwa damu mpaka kwenye ubongo, na huko kinakua kifuko. Inachukua miezi mingine kadhaa kabla mbuzi hajaanza kuzunguka. Mnaona umbali uliopo? Kichwa kilitupwa kiangazi, mbuzi anazunguka mwaka unaofuata, nani ataunganisha mambo hayo mawili? Tunasema ni bahati mbaya, au ni majani ya upande fulani.

Yule mzee alipoteza mbuzi 3 zaidi baadaye. Siwezi kuapa kwamba ni kijibwa kile. Mbwa wa maboma mengi hupita malisho yale, na kila boma hutupa vichwa. Ndiyo maana boma moja likiacha peke yake halitoshi, na ndiyo maana nasema hadharani na siyo kwa mtu mmoja mmoja.

Kuna tegu mwingine, mdogo sana, wa milimita chache tu, hata ukichunguza kinyesi humwoni. Huyu vifuko vyake hukaa kwenye ini na mapafu ya mifugo, vimejaa maji. Huyu anaingia kwa binadamu. Mtoto anayecheza na kijibwa, analambwa mikono, halafu anashika chakula bila kunawa, anaweza kumeza mayai yake, na miaka mingi baadaye akapata uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu unaohitaji upasuaji. Kwa hiyo ini na mapafu yenye vifuko nayo si chakula cha mbwa.

Najua mtaniuliza, kichwa kizima kisicho na ormilo je? Hamwoni ndani ya fuvu. Mbuzi anaweza kuwa na kifuko kidogo ambacho bado hakijamfanya azunguke. Kila kichwa kibichi cha mbuzi na kondoo kisiende kwa mbwa, kwisha. Kipasueni, kichemshwe kwa muda wa dakika 40 tangu maji yanapochemka sawasawa, hapo mbwa anaweza kula nyama na ubongo, na mifupa itupwe shimoni. Najua kuni zinabebwa na mama zangu mgongoni, sitaki kuwaongezea mzigo. Basi tumieni ule moto wa usiku wa zizini. Kichwa kitupwe katikati ya makaa mpaka kiwe majivu na mifupa myeupe. Au chimbeni shimo la kufika kiunoni, fukieni, juu wekeni mawe na miiba. Shimo la kufika magotini fisi hulifukua, na mbwa humaliza kazi.

Na mbwa apewe dawa. Hapa msichanganye. Dawa ya maji ya minyoo mnayowanywesha mbuzi si ya kazi hii, na sindano ya aivamektini haiui tegu hata mkidunga mara tatu. Dawa inayoua tegu wa mbwa inaitwa prazikwanteli. Vidonge vingi vina miligramu 50, na hapo ni kidonge kimoja kwa kila kilo 10 za uzito wa mbwa, lakini someni pakiti au mniulize. Kwa mbwa anayekaa na mbuzi, kila baada ya wiki 6 ndiyo salama zaidi. Asiyemudu hivyo, asikose baada ya msimu wa kuchinja sana. Akishapewa, mfungeni kwa siku 2, kinyesi chake kikusanywe kwa jembe na kuchomwa, kwa sababu tegu wanatoka na mayai yao.

Nirudi kwa lile boma la sikio. Hilo halina uhusiano na ukali. Mtoto wa mbwa anayekaa na vitoto vya mbuzi anacheza nao kama anavyocheza na ndugu zake, anavuta masikio na mikia. Tatizo ni kwamba ndugu yake akiumizwa humng'ata naye, na kitoto cha mbuzi hulia tu. Wengine hufikiri dawa ni kumtenga na mbuzi kabisa, na hilo nalipinga. Kati ya wiki 3 na kama wiki 12 hivi ndipo mbwa anajifunza nani ni jamaa zake. Akikua mbali na mbuzi wakati huo, hatawalinda. Kule Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund tangu mwaka 1994 linawapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki, na wanawaweka na mbuzi wangali wadogo, ili waifukuze duma na mbweha bila mfugaji kuua wanyama hao. Mbwa wetu wa boma ni wadogo kuliko wale, lakini kubweka wanajua.

Kwa hiyo mwacheni alale karibu na mbuzi, ila na mbuzi wakubwa wenye pembe. Beberu atamfundisha adabu mara moja tu, na somo hilo litakaa kuliko fimbo yako. Kwa vitoto, awe nao mtu akiwapo, na akianza kushika sikio akemewe pale pale. Wengi huacha wakikomaa, bora tu wasizoee. Na vijana, msimchukue kijibwa kwa mama yake akiwa na wiki 4 kwa sababu mnaogopa mwenzenu atamwahi. Mwacheni mpaka wiki 8. Katika wiki hizo mama na ndugu zake ndio wanaomfundisha kiasi cha kung'ata. Mnaomchukua mapema ndio mnaolalamika kwamba ana meno mabaya.

Watoto wa kule nyuma: akikung'ata mkono katika mchezo, simama, mwache, ondoka. Usimpige teke, usimvute mkia. Mchezo ukiisha kila anapong'ata, ataacha.

La mwisho ni zito. Si kila kutafuna ni meno. Mtoto wa mbwa wa kawaida anatafuna, halafu anakula, anakunywa, analala, akiitwa anakuja. Lakini mkiona amebadilika ghafla, anang'ata mawe, udongo na mbao bila mchezo, sauti imekuwa nyingine, udenda unatiririka, taya limelegea au miguu ya nyuma inayumba, huo unaweza kuwa kichaa cha mbwa. Kijibwa anaweza kuwa nacho kama mbwa mkubwa. Watu wengi huona udenda na mdomo ulio wazi wakasema amekwamwa na mfupa, wakatia mkono kumtoa. Msitie mkono! Mfungieni mahali bila kumshika, mniite. Na mtu yeyote aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Msisubiri muone mbwa atakuwaje. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa ya kumrudisha, na mara nyingi ni mtoto, kwa sababu ndiye anayecheza na kijibwa na ndiye anayeogopa kusema kwamba ameng'atwa. Wazazi, msimpige mtoto anayekuja kusema.

Chanjo ya kichaa kwa kawaida huanza mbwa akiwa na miezi 3 na hurudiwa. Siku za kampeni leteni hata walio wadogo kuliko hapo, tutawachanja na tutawarudia. Nikifika wiki ijayo siku ya kuogesha mbuzi, nitakuwa chini ya mgunga ule wa josho kuanzia asubuhi na mapema, nina chanjo na nina prazikwanteli. Mbwa waje wamefungwa kamba, na yule mzee wangu wa boma la kwanza nimeshamwekea kamba moja ya ziada.